Asubuhi Bi Pasi Alipozunguka Boya

Watu hushangaa kwamba mimi na mjane wa kaka yangu tunaishi nyumba moja na bado hatujatoana macho. Wifi na wifi, mnajua tena mambo yake. Ziko familia ambazo mawifi wakikutana msibani kila mmoja huchukua pembe yake ya chumba, na atakayekaa katikati ajue amejitakia. Sisi tuna bafu moja, redio moja na kabati moja la vyombo, na ugomvi wetu mkubwa ni namna ya kukunja taulo. Yeye hukunja ncha kwa ncha, akanyoosha kwa kiganja, akaweka mkunjo utazame nje. Mimi hukunja taulo kama mtu mwenye mambo mengine ya kufanya duniani. Ugomvi huo una umri wa mtu mzima sasa, na ninamwomba Mungu usiishe.

Mtaani wanamwita Bi Pasi. Ni dobi mkuu wa hospitali, ile iliyo juu ya mteremko unaoshukia ufukweni, na jina lenyewe amelipata kwa haki. Sijawahi kumwona na nguo iliyokunjamana. Gauni lake la kulalia limepigwa pasi. Kitambaa cha kufutia meza kimepigwa pasi. Siku ya maziko ya kaka yangu, watu wakiwa katikati ya kilio, nilimwona ananyoosha mkono kumlaza kola mmoja wa wabeba jeneza. Nilichukia siku ile, nikasema moyoni huyu mwanamke hana uchungu. Baadaye nikaelewa kwamba asingeigusa ile kola angeanguka pale pale.

Chumba cha kufulia kiko chini kabisa ya jengo la hospitali na hakina dirisha la maana. Mvuke haukauki humo, mashine zinanguruma kutwa, na ukitaka kusema na mwenzako unamvuta sikio. Bi Pasi aliingia humo akiwa msichana wa kubeba makapu. Akapanda pole pole mpaka akawa ndiye anayesimama mwisho wa mashine ya kunyooshea, pale shuka zinapotoka zikiwa za moto. Hakuna shuka inayokwenda wodini bila kupita chini ya kiganja chake. Anafumba macho, anapitisha mkono, na mkono unaona: uzi uliochomoza, chembe ya sabuni iliyokauka, mshono uliovimba. Inayomtia shaka inarudi majini. Wasichana wake hunung'unika, lakini kwa sauti ya chini, maana kelele zote zile hazimzuii kusikia neno linalomhusu.

Niliwahi kumwambia anajitesa bure, uzi mmoja utamfanya nini mtu. Akaniuliza kama nimewahi kulala ubavu mmoja siku nenda siku rudi bila uwezo wa kugeuka. Nikasema sijawahi.

"Basi ninyamazie, wifi," akasema. "Namfanyia kazi yule asiyeweza kugeuka."

Nikanyamaza, na wanaonijua watakwambia kwamba hilo si jambo la kila siku.

Kuogelea alianza ukubwani. Kaka yangu alikuwa amezikwa si zamani, na jioni moja Bi Pasi hakurudi kutoka kazini kwa saa yake. Nikapanda hospitalini, wakaniambia ametoka. Nikashuka ufukweni, na kitu gani kilinipeleka huko sijui. Nikamkuta amesimama baharini, maji yanamfika kifuani, na gauni la kazi bado liko mwilini. Roho ilinipasuka. Nilipiga kelele ambazo hata mimi sikujua ninazo. Akageuza kichwa kunitazama, uso umetulia kabisa, uso ambao sikuwa nimeuona tangu msiba.

"Wifi, acha kelele," akasema. "Nimepoa."

Siku iliyofuata akaenda tena, na iliyofuata. Mlinzi wa ufukwe, mwanamume wa maneno machache ambaye ana boti ndogo ya mashine na filimbi asiyopenda kuipuliza, alimvumilia kwa muda, halafu akamwambia kwamba mtu atakayeingia baharini kila siku na gauni la kazi ni heri afundishwe. Naye akafundishwa kama alivyojifunza mashine za kufulia: kwanza jinsi ya kuzizima. Yaani alitaka kwanza ajue kusimama, kulala juu ya maji bila kufanya lolote, ndipo ajue kwenda. Wanafunzi wenzake wadogo walikuwa wanarusha miguu na kumeza maji. Yeye alikuwa amelala chali, anatazama mbingu, anajifunza kutofanya kitu. Msimu uliofuata akazunguka lile boya jekundu linalofungiwa mashua kule nje, akarudi bila hata kuhema sana.

Tangu hapo, kila asubuhi kabla ya zamu, wifi yangu huzunguka boya. Mimi nafuatana naye. Kazi yangu ni kukaa kwenye benchi na chupa ya chai na kuwa na wasiwasi, na ninaifanya vizuri. Mwenyewe siogelei. Maji yakinifika magotini naanza kuungama dhambi.

Sasa niwaambie kilichotufikisha kwenye asubuhi ile. Katikati ya kiangazi, siku ya joto kali, Bi Pasi alianguka kazini. Alikuwa anapokea shuka mwisho wa mashine, mara miguu ikamwisha, akaenda chini na shuka yake mkononi. Wasichana wakamkimbiza ghorofa za juu, na kwa kuwa hospitali ilikuwa juu ya vichwa vyao hawakwenda mbali. Daktari akampima akarudia kumpima. Moyo ni mzima, akasema, presha si mbaya. Ni joto la kile chumba, na huyu mama hajanywa hata glasi moja ya maji tangu alfajiri. Akampa likizo apumzike. Kuogelea? Aogelee, akasema, ila kwa siku za mwanzo asiende mbali na ufukwe. Akatii. Kwa majuma kadhaa akawa anaogelea pale pale karibu, sambamba na mchanga, kama mtu anayepiga deki.

Mtoto wake wa pekee akapata habari. Huyu mpwa wangu anaishi mji wa mbali, bara, mahali ambapo maji mengi zaidi ni ya kwenye ndoo, na ni mwalimu wa udereva. Kutwa anakaa kushoto kwa watu wasiojua kuendesha, mguu wake uko juu ya breki ya ziada, na kazi hiyo imemharibu. Ukitembea naye barabarani, mkifika njia panda, mguu wake wa kulia unakandamiza lami. Mtoto akipita mbio na sahani, mguu unakandamiza sakafu. Ni mtu mwema, mpole, anayempenda mama yake kupita maelezo. Alifika na picha za chumba alichokwisha kupaka rangi, chenye kitanda, pazia na kijitaa cha kusomea.

"Mama, unakuja kukaa na mimi," akasema.

"Nani kasema?"

"Mimi nasema. Umeanguka kazini kukiwa na watu. Siku utaanguka majini, nani atakuokota?"

Walivutana siku kadhaa, kwa adabu, na adabu ndiyo iliyonitisha. Watu wanaopigiana kelele huchoka. Hawa wawili walikuwa wanapishana koridoni wanaulizana kama kila mmoja amelala vizuri. Mimi nikawa katikati kama punje kati ya mawe ya kusagia. Kwa damu, kijana ni wangu, mtoto wa kaka yangu, na mwenye akili angetegemea nimuunge mkono. Lakini acha niseme ukweli: nilitaka ashindwe. Wifi akiondoka mimi nabaki na redio. Naijua nyumba ile ikiwa tupu, nimekaa humo peke yangu hapo zamani, na sitaki tena. Sikumwambia mtu. Nikawa naosha vyombo kwa kelele kuliko kawaida.

Usiku mmoja tukila chakula, Bi Pasi akaweka kijiko chini.

"Unaogopa maji," akamwambia mwanawe. "Basi njoo uyaone. Likizo yangu inakaribia kwisha, na daktari kasema sasa naweza kwenda nipendako. Kesho asubuhi nitazunguka boya nirudi. Nikirudi mwenyewe, utaniacha na nyumba yangu na kazi yangu na wifi yangu. Nikisaidiwa, nafunga virago, na hutasikia neno."

"Ukisaidiwa kwa vipi?"

"Kwa lolote."

Kijana akamtazama, akanitazama mimi.

"Kwa lolote," akakubali.

Wakashikana mikono juu ya sahani. Chakula changu nikakirudisha jikoni. Namjua wifi yangu: neno likishamtoka hata yeye mwenyewe hana ruhusa ya kulirudisha.

Nanyi mngedhani mwanamke aliyeweka maisha yake rehani namna hiyo angekwenda kujilaza, au angalau kuomba dua. Yeye alikwenda dirishani, akatazama juu, akasema kesho mawingu. Redio ikasema hivyo hivyo. Akachukua simu akawapigia wasichana wa zamu ya usiku.

"Kesho msianike juu ya paa," nikamsikia. "Hakuna jua, shuka zitavunda. Zote tieni kwenye mashine ya kukaushia. Nasema zote. Sitaki kurudi wiki ijayo nikute wodi ya watoto inanuka kama buti zilizolowa."

Nikacheka peke yangu jikoni. Mtu yuko likizo ya ugonjwa, kesho anaamuliwa atakufia wapi, na bado anaanulia hospitali nzima shuka kwa simu.

Asubuhi ilikuja bila kupambazuka sawasawa. Mawingu yalikuwa yametanda kutoka huku mpaka kule, mazito, na joto limekaa chini yake limebanwa. Hakukuwa na upepo. Bahari ilikuwa ya kijivu na mbingu ya kijivu, na mahali zinapokutana usingeweza kupaonyesha kwa kidole. Siipendi siku ya namna hiyo, lakini mlinzi wa ufukwe alisema maji yametulia na hakuna sababu ya kumzuia mtu.

Bi Pasi alivaa lile vazi lake jeusi la kuogelea alilolishona mwenyewe, lenye mikono mirefu, na kofia iliyobana masikio. Miwani yake ya kuonea mbali akanikabidhi mimi. Mwanawe alikuwa amesimama na glasi ya maji. Mama akaipokea, akayanywa yote, akaipindua juu chini mbele ya macho yake kumwonyesha haikubaki tone.

"Haya, mwalimu," akamwambia. "Kaa kwenye kiti chako."

Akaingia. Wengine wakiingia maji ya asubuhi hujikunyata na kupiga yowe. Yeye hunawa uso, hunawa kisogo, halafu huinama na kwenda, na kuanzia hapo bahari ni yake. Natamani kila aliyewahi kumdharau mwanamke wa umri wetu angekuwapo kumwona. Hana haraka. Mkono mmoja unatoka, unanyooka, unaingia mbele taratibu, kiganja kimelala, kama vile anavyokipitisha juu ya shuka. Kisha mwingine. Hakuna povu, hakuna fujo. Unamtazama na pumzi yako mwenyewe inatulia.

Mpwa wangu hakutulia. Alisimama kando yangu na mguu wake wa kulia ukaanza kuchimba mchanga. Akamwuliza mlinzi kina cha maji. Akamwuliza kama boti ina mafuta. Akamwuliza mara ya mwisho kuijaribu mashine ilikuwa lini. Mlinzi alijibu yote kwa neno moja moja. Kishimo chini ya kiatu kikazidi kwenda chini.

Yule kule akafika kwenye boya. Kile kidoa cheusi kikapotea nyuma ya kile chekundu, nikashika benchi. Kikatokea upande wa pili.

"Kazunguka," nikasema.

"Kazunguka," mpwa wangu akasema, na nikaona uso wake umebadilika kidogo. "Shangazi, mama anaogelea vizuri. Sikujua."

"Ungejulia wapi, wewe na makorongo yenu?"

Alicheka. Nami nikajiona nimeshinda, nikaanza hata kumimina chai. Nilipoinua kichwa mlinzi alikuwa amesimama wima, na huyu ni mtu ambaye akiwa na nafasi ya kukaa hukaa.

Bi Pasi alikuwa anarudi, lakini haji kwetu. Mwanzo ilikuwa kidogo tu, ukadhani ni macho. Halafu ikawa wazi. Alikuwa anakwenda upande wa kushoto, kwenye ule ukuta wa mawe unaokinga mashua. Hata siku ya utulivu maji ya pale hujizungusha na kuvuta, na mawe yake yana kome wakali wanaokata ngozi kama wembe. Akasimama, akainua kichwa, akatazama huku na huku. Akaenda tena. Akazidi kushoto.

"Kachoka?" mpwa wangu akauliza.

"Hajachoka, tazama mkono wake," mlinzi akasema. "Kapotea. Na sielewi. Huyu mama siku zote hurudi kwa mstari. Sijawahi kumwona akisimama kutafuta njia."

Nikapiga kelele, na masikio yake yako ndani ya kofia. Nikapunga nguo. Mlinzi akapunga bendera yake, lakini kwa umbali ule bendera ile ni leso tu. Tena macho ya wifi yangu bila miwani hayaoni kitu cha mbali kisichokuwa kikubwa na chenye rangi. Ninajua kwa sababu miwani ilikuwa mkononi mwangu.

Hapo ndipo akili yangu ikafunguka. Nikageuka nikatazama juu mteremkoni, kwenye paa la hospitali. Kamba za kuanikia zilikuwa tupu, zote, kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Mungu wangu," nikasema. "Kajipoteza mwenyewe."

"Nani? Nini?"

Nikamweleza haraka haraka. Aliwahi kuniambia jinsi anavyorudi. Akiwa kule nje, pwani yote kwake ni ukungu mmoja, haoni benchi wala watu wala njia. Anachoona ni shuka za wodi ya watoto juu ya paa, zile za manjano. Anaelekeza pua kwenye manjano na kuja. Mashine ya kukaushia hospitali imeipata kiangazi hiki tu; kabla yake zilianikwa hata siku ya mawingu. Na haya majuma ya likizo alikuwa anaogelea karibu, hazimhusu. Sasa jana kapiga simu, kwa mdomo wake, kakataza zisianikwe.

Mlinzi alishaisukuma boti mpaka majini na mkono wake ulikuwa kwenye kamba ya kuwashia mashine.

"Bado ana nafasi kabla ya mawe," akasema. "Nikienda sasa nitampata bila shida. Nikisubiri, nitasubiri kidogo tu. Akifika pale maji yanapogeuka, simwulizi mtu."

Kisha akamtazama mpwa wangu, kwa sababu jambo lilikuwa lake. Neno moja tu, boti inatoka, mama anavutwa ndani kama gunia mbele ya watu wa asubuhi, na yamekwisha. Hakuna ambaye angemlaumu. Hata mimi nisingemlaumu. Nilitaka awe hai, mengine baadaye.

Mguu wake wa kulia ulikuwa umezama mchangani mpaka kwenye kamba za kiatu.

"Shangazi," akasema, "mlango wa kufulia uko wapi?"

"Nyuma, chini, pale penye bomba la mvuke. Ngazi za paa ziko ndani."

Akauchomoa mguu, akakimbia.

Sijui kama mnaelewa alichofanya. Mtu huyu hakuwahi maishani mwake kuliacha gari la mwanafunzi bila mguu wake juu ya breki. Akampa mama yake mgongo, mama yake yuko majini, akapanda mteremko ule kama anafukuzwa.

Yaliyotokea huko ndani nimeyapata baadaye kwa wasichana, nao wanatia chumvi, lakini kiini ni hiki. Aliingia anahema, akadai shuka za manjano. Zilikuwa kwenye kapu, mbichi, zinangoja kutiwa kwenye mashine. Msichana wa zamu akasimama mbele ya kapu.

"Bosi kakataza zisianikwe."

"Mimi ni mwanawe!"

"Hata ungekuwa yeye mwenyewe, kaka. Bi Pasi akikataza, hata Bi Pasi haruhusiwi."

Akamwambia mama yake yupo majini anazitafuta. Hakuhitaji kusema zaidi. Wakabeba kapu pamoja.

Sisi huku chini tuligawana macho. Mlinzi alikuwa anamtazama Bi Pasi, mimi natazama paa. Maji yanamfika mlinzi mapajani, mkono kwenye kamba. Nikamsikia ananiambia, "Kidogo tena," halafu, "Mama, sasa naenda," na kwenye paa kikatokea kitu cha manjano. Kilikuwa kimekunjamana na kimening'inia upande. Kikanyooka. Kikafuatwa na kingine.

"Ngoja!" nikapiga kelele. "Ngoja, ngoja!"

Kule nje wifi yangu alikuwa amesimama tena ndani ya maji, kichwa juu. Akageuka pole pole. Akabaki hivyo kwa muda ambao sitaki kuukumbuka. Kisha ule mkono ukatoka, ukanyooka, ukaingia mbele, na akaanza kuja. Alikuja kwa mstari. Mlinzi akaachia ile kamba, akanawa uso kwa maji ya bahari, ingawa uso wake ulishakuwa umelowa.

Alitoka kwa miguu yake mwenyewe. Nikamvika taulo mabegani, nikamvalisha miwani. Hakuwa ananitazama. Alikuwa anatazama juu kwenye paa.

"Nani kaanika zile?"

Akasogeza miwani puani.

"Zimekaa upogo. Wasichana wangu hawaaniki upogo."

Mwanawe alikuwa anashuka mteremko mbio, shati limelowa kifuani, mikono imelowa mpaka kwenye viwiko. Alipomwona mama yake amesimama, mbio zikamwisha. Akaja kwa hatua za kawaida, hajui mikono aiweke wapi.

"Ni mimi, mama."

Bi Pasi akakaa kwenye benchi. Alikaa wima, magoti pamoja, kama alivyokaa siku zile watu walipokuja kutoa pole.

"Nilizitafuta nikazikosa," akasema. "Nikawa naelekea kwenye mawe na sijui. Kosa ni langu, mimi ndiye niliyekataza. Lakini neno ni neno. Tulisema kwa lolote, na nimesaidiwa. Nipe siku chache niagane na watu, mwanangu, nitakuja kwako."

Nilijikaza kisabuni, nikashindwa. Machozi yakanijaa. Mwanamke huyu alikuwa amezunguka boya siku isiyo na mbele wala nyuma, amekaribia mawe na kurudi bila hofu usoni, na sasa alikuwa anajihukumu mwenyewe kwa ajili ya neno ambalo hakuna hata mmoja wetu angethubutu kumkumbusha. Nilifungua mdomo nimtetee. Mlinzi wa ufukwe akanitikisia kichwa, nikaufunga.

Mpwa wangu akachuchumaa mbele ya mama yake.

"Siku nyingine, hizi shuka huanikwa na nani?"

"Wasichana."

"Wanakuanikia wewe?"

"Mimi wa nini? Wanaanika kwa ajili ya wagonjwa."

"Na wewe unarudi kwa kuzitazama."

"Kila siku." Nikaona jambo linampita usoni, jambo jipya kwake, na Bi Pasi si mtu wa kupitwa na mambo mapya mara kwa mara. "Kumbe sijawahi kurudi peke yangu," akasema.

"Basi leo umerudi kama siku zote, mama."

Akamtazama mwanawe. Alinyoosha mkono akamlaza ile kola ya shati iliyolowa, akaipapasa mpaka ikakaa.

"Zitavunda zile na haya mawingu," akamwambia. "Nenda kaanue."

Akaenda. Mimi nikakaa kando ya wifi yangu nikalia waziwazi, mbele ya mlinzi na mbele ya kila aliyekuwa anapita, kwa sababu anabaki. Akanishika mkono, akaniacha nilie mpaka nilipomaliza.